Nailoni ya Magodoro

Jumatatu mpaka Ijumaa niliwafundisha kidato cha tatu kwamba kazi ya jasho ni kupoza mwili. Niliyafundisha hayo kwa Kiingereza, kama mtaala unavyotaka, na mchoro wa ngozi ubaoni. Jumapili asubuhi, pale Keko, mbele ya watu wazima thelathini waliovaa fulana za njano, niliwaambia kwa Kiswahili safi kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Sikuwahi kuyakutanisha mambo hayo mawili. Mpaka leo nikijiuliza ilikuwaje, sipati jibu la heshima.

Klabu yetu ya jogingi ilikuwa ya mafundi samani na majirani zao, na walinichagua kuwa mwalimu wa mazoezi kwa sababu moja tu, kwamba nafundisha baiolojia. Nilivimba kichwa. Niliwakuta tayari wana mtindo wa kujizungushia nailoni tumboni, ndani ya fulana, ile inayofungiwa magodoro mapya, maana Keko nailoni ya aina hiyo haikosekani. Ningeweza kuukataza mtindo huo siku ya kwanza. Mimi nikaupa maelezo ya kitaalamu. Nikasema joto la nailoni linayeyusha mafuta na maji yanakuja kuizima kazi yote, kwa hiyo mtu asinywe mpaka tumalize. Kisha nikaleta mizani. Walipima kabla ya kukimbia, wakapima tena tukirudi, na mshale ukishuka walipiga makofi. Kilichokuwa kimepungua ni maji matupu. Chai ya saa mbili iliyarudisha yote, lakini hakuna aliyepima baada ya chai.

Kati yao alikuwamo mama mmoja, mshonaji wa vitambaa vya makochi, umri wa mama yangu mzazi. Magoti yalikuwa yanamsumbua na cherehani yake ni ya kukanyaga. Daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito, la sivyo ataacha kushona, na hakuwa na kazi nyingine. Kila Jumapili nikimpa shikamoo aliitikia marahaba mwanangu, halafu palepale akageuka mwanafunzi wangu, ananieleza alichokula wiki nzima mpaka vitumbua. Aliniamini kuliko nilivyostahili.

Wiki tatu mfululizo mizani yake haikusogea. Ilinikera mimi kuliko ilivyomkera yeye, nakiri, maana Jumapili iliyofuata tulikuwa tunapokea wageni, klabu kutoka Mabibo, na nilitaka kumsimamisha mbele yao kama ushahidi wa kazi yangu. Jumamosi jioni nikampigia simu. Nikamwambia afunge nailoni mizunguko mitatu badala ya mmoja, avae sweta juu yake, na asiguse hata funda la maji tangu atakapoamka. Aliuliza kama haitamletea shida. Nikamjibu kwamba aliyesomea mambo haya ni mimi.

Ilikuwa miezi ile ya joto kali, na kufikia saa moja na nusu lami ilikuwa imeshaanza kurudisha moto. Tulipogeuza kurudi Keko nikamwona ametoka kwenye mstari, ameomba chupa ya maji kwa mgeni mmoja. Nikarudi nyuma mbio nikamwambia kwa sauti ya kusikika:

"Mama, ukinywa hapo umeharibu kazi yote. Vumilia, tumebakiza kidogo."

Wageni wakacheka kidogo. Akairudisha chupa bila kuifungua. Mbele kidogo alianza kuimba wimbo ambao hakuna mwingine aliyekuwa anauimba, kisha akauliza mbona ghafla kumekuwa na baridi, kisha akakaa chini barabarani na kulala ubavu. Nilipomgusa shingo alikuwa wa moto sana. Dalili hizo hizo nilikuwa nimezitungia swali la mtihani muhula ule ule.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka zahanati. Muuguzi alikata sweta kwa mkasi, akakata na nailoni, na jasho lililokuwa limefungiwa ndani likamwagika sakafuni. Wakamlowesha maji, wakamwelekezea feni, wakamtundikia dripu. Ilipita karibu saa nzima ndipo muuguzi akatoka nje ya pazia na kuuliza nani alimfunga mama wa watu namna ile. Nilikuwa nimesimama na mafundi wawili na mwenyekiti wa wageni.

"Mie niliwaambia wafunge kidogo tu," nilisema. "Yeye kazidisha mwenyewe."

Muuguzi alitikisa kichwa akaandika. Pazia halikuwa limefungwa vizuri, na kwenye ule uwazi nilimwona mama yuko macho, ananitazama. Nikageukia upande mwingine nikajifanya natafuta namba kwenye simu.

Alilazwa siku mbili. Nilimpelekea machungwa, na niliichagua saa ambayo nilijua atakuwa amelala. Jumapili iliyofuata nikawatangazia wanachama kwamba nailoni imeondolewa na maji yanaruhusiwa, kwa sauti ya mtu anayesoma agizo lililotoka ofisini. Hakuna aliyeuliza. Ile simu ya Jumamosi tulikuwa tunaijua watu wawili tu.

Jumapili ya tano akaja. Alikuwa amekonda kweli safari hii, kavaa kanga na ndala, hakuja kukimbia. Aliomba dakika moja azungumze na watu. Nikajua leo ndiyo leo, na upande mmoja wa moyo wangu ulitamani aseme tu, yaishe.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mwalimu alituambia tufunge kidogo. Mie nikazidisha mwenyewe, nikawatia aibu mbele ya wageni. Wanangu, mnisamehe."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Watu waliguna kwa huruma, na fundi mmoja akamletea stuli ya mninga akae. Kisha wote wakanigeukia mimi, maana mwalimu ndiye aliyetakiwa kujibu. Ilihitajika sentensi moja tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga kinywa.

Nikamshika mkono yule mama, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba tumeshamsamehe.