Njia Niliyomfungulia Jirani

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilimaliza darasa la saba Haneti, sikuendelea. Naandika polepole, na haya machache yamenichukua Jumapili mbili.

Nilifika Dodoma mjini miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kuuza intaneti. Kampuni moja iliniajiri kupanda minara, kwa sababu siogopi kwenda juu. Ninachoogopa ni kuongea na watu. Fundi wetu alikuwa dada mmoja wa Kondoa, na mshahara wake ndio uliomnunulia mama yake dawa. Mama akipiga simu walizungumza lugha yao, ile ya kugongesha ulimi, nami nilipenda kukaa karibu maana hakuna aliyetegemea nijibu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kampuni nyingine kama yetu. Mteja wetu akimwandikia mteja wao, barua pepe ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda Ulaya, ndipo ikarudi.

"Barua ya kuvuka barabara, mpaka ikahiji kwanza!" alisema fundi wa kule, mzee wa mjini mwenye kofia, ambaye babu zake walikuja na misafara.

Mabosi wakakubaliana tuunganishe ruta zetu, vile visanduku vinavyoelekeza barua njia ya kupita, moja kwa moja, wateja wetu wafike kwao na wao wafike kwetu, bila kulipana. Nilipanda paa letu, kisha lao, nikafunga antena mbili zikitazamana. Dada akaandika amri kwenye ruta. Barua ya kwanza ilifika kabla mzee hajamaliza kikombe chake cha kahawa.

Sharti lilibandikwa kwenye kabati la ruta: jirani apewe njia ya kufika kwa wateja wetu tu. Njia ya kwenda nje ilikuwa ya dishi letu la setilaiti, na ilitutosha kwa shida. Chini yake bosi aliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba atakayempa mtu nenosiri lake hana kazi.

Dada alinipa lake hata hivyo. Aliliandika kwenye daftari pamoja na amri zote.

"Mdogo wangu, siku nikiumwa utafanyaje? Utapanda mnarani ukaombe?"

Ijumaa moja aliomba ruhusa akaenda kumwona mama yake. Mchana mzee akaja. Dishi lao lilikuwa limeharibika, na kifaa kilisubiriwa kutoka Dar kwa basi.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana wa angani. Nifungulie na njia ya nje. Mpaka kesho tu, mwanangu."

Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa amesimama, nikainuka nikampa kiti changu, na nikishampa kiti sikuweza tena kumkatalia. Nilifungua daftari, nikaingia kwa nenosiri la dada, nikanakili mstari mmoja kwenye ruta. Akanishika kichwa, akaondoka.

Jumamosi hakuja. Nilikwenda hadi mlangoni kwao, nikasikia watu wanacheka ndani, nikarudi. Kufunga njia bila kumwambia niliona ni kama kumwondolea mgeni sahani bado anakula. Jumapili nilikuwa nyumbani Miyuji, nikafua nguo.

Jumatatu Bunge likaanza. Wageni walijaa mjini, kila mtu akataka kutuma barua, na watu wa kampuni mbili wakawa wanapita kwenye dishi letu moja. Kila kitu kikakwama. Wateja waligonga kaunta.

"Mmeliuza dishi au mmelianikia mtama?"

Mtaalamu wa Dar alimwelekeza bosi kwa simu mahali pa kutazama. Ikaonekana mstari uliongezwa Ijumaa, kwa nenosiri la dada. Dada mwenyewe alikuwa ameshuka basi muda huohuo, mkoba ungali begani.

"Ijumaa hukuwepo," bosi alisema. "Ulimpa nani?"

Dada hakunitazama. "Niliacha daftari mezani."

"Nani alilishika?"

"Sijui."

Bosi alinigeukia kidogo, kisha akacheka. "Huyu? Huyu hata simu ikilia anakimbia."

Nilikuwa nimeshika kipande cha waya. Nakumbuka rangi yake, kijivu. Nilihesabu pini za kichwa chake, nane.

Dada alipewa saa moja akusanye vitu vyake: kikombe na sweta. Daftari alilisukuma upande wangu wa meza. Akanigusa bega kama mtu anayepita mahali pembamba, akatoka.

Nilifuta ule mstari mwenyewe. Mzee alikuja kuomba radhi, nikamwitikia, nikampa kiti. Wiki iliyofuata bosi aliniona nafanya kazi za dada, akashangaa, akaniachia nafasi hiyo. Niko nayo hadi leo. Antena bado zinatazamana. Nazifuta vumbi kila mwezi, na sisikii chochote, si aibu wala raha.

Kwa bosi bado sijasema. Nimeanza na ninyi, kwa sababu kwenye karatasi naweza.

Kama unasoma haya na wewe ni wa Kondoa, na unamjua dada aliyewahi kuwa fundi wa intaneti Dodoma, mpe karatasi hii. Kisha niandikie alichosema. Hata kama hakusema kitu, niandikie hivyo.