Fundi Sadala na Masikio Mawili

Sadala wa Masuguru, Korogwe, hukodisha spika, lakini ukimwambia hivyo atanuna. Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, anashughulika na stereo. Spika ni chombo tu, kama sufuria. Kinacholiwa ni stereo. Alizaliwa Magoma, katika nyumba yenye redio ya spika moja, na anaamini kwamba umaskini wenyewe ndio huo. Mengine, kama kukosa viatu, aliyazoea.

Siku alipovaa hedifoni kwa mara ya kwanza alisikia gitaa upande wa kushoto na ngoma upande wa kulia, akageuka kumtafuta mpiga gitaa. Tangu hapo amelitumikia jambo ambalo Korogwe haijawahi kuliomba. Harusini hutega spika mbili, moja kila upande, akipima kwa kamba. Kamati huja ikaihamisha moja kwenda jikoni, maana wapishi nao ni watu. Sadala huirudisha. Kamati huihamisha tena. Wameishi hivyo miaka mingi, na kila upande unamsikitikia mwenzake.

Kwa hiyo Nasinkoi alipomfuata na shida yake, Sadala aliona kwamba hatimaye dunia imepata akili.

Nasinkoi, binti wa Kimaasai, alikuwa anaolewa na Yordani, kijana wa Kisambaa wa hapo hapo Masuguru. Babu yake Nasinkoi, Mzee Tiampati, yuko nyikani Handeni, na nyonga imemgomea, hapandi gari. Na kwao binti haendi kwa mume bila baraka ya mzee. Mzee hutamka, na kila anapotua watu wote, wanawake na wanaume, huitikia “Naai”, kama amina. Asiposikia itikio, Mzee Tiampati hunyamaza. Baraka isiyoitikiwa, husema, ni mtu anayeongea peke yake, na watu wa namna hiyo wanajulikana.

“Isipokamilika, Jumamosi kanisani siingii,” Nasinkoi alisema. Alisema hivyo mbele ya Yordani, ambaye suti yake ilikuwa imeshapigwa pasi.

Walikuwa wamejaribu simu ya kawaida ya mtandao, ikashindwa. Simu za namna hiyo huamini kwamba anayeongea ni mtu mmoja na waliobaki ni kelele. Watu hamsini wakiitikia kwa pamoja, huwafuta kama zinavyofuta mlio wa feni. Sadala alicheka kwa huruma. Yeye alikuwa na programu yake kwenye laptop, inayopeleka sauti kama ilivyo, kushoto na kulia. Akatuma hedifoni Handeni kwa basi, zipokelewe na Taiyo, kaka yake Nasinkoi, azichomeke kwenye simu yake na amvishe mzee.

Ijumaa alasiri, uani kwa kina Yordani, Sadala aliwapanga watu. Wanawake kushoto na maikrofoni yao, wakiongozwa na Yasinta, mama yake Yordani. Wanaume kulia na ya kwao.

“Mzee atasikia kama amekaa katikati yetu,” alitangaza.

“Tumsikie na sisi basi,” Yasinta akasema. “Jua linatuchoma, fundi.”

Mzee alianza. Maneno mawili, matatu, kisha sauti ikawa ya mtu aliye ndani ya pipa, kisha ikavutika kama mpira. Sadala alieleza, ingawa hakuulizwa. Sauti ya mtandao hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikasafiri peke yake. Kikipotea njiani, mashine hubuni, hukinyoosha kilichotangulia kuziba pengo. Dawa ipo. Kila kipande hubebeshwa nakala hafifu ya mwenzake aliyetangulia, kama msafiri wa Kabuku anavyobebeshwa salamu za jirani kwa kuhofia kwamba jirani mwenyewe hatafika. Bando huliwa, sauti hupungua unono kidogo, lakini haikatiki.

“Weka hiyo dawa,” Nasinkoi alisema. Alikuwa amesimama tangu mwanzo, shanga zake zimetulia kabisa.

Sadala akaiweka. Mzee akaanza upya, na safari hii kila neno lilifika zima. Alipotua, ua mzima ukaitikia: “Naai!” Akatamka tena. “Naai!” Kisha akanyamaza.

Ikaja sauti ya Taiyo. “Babu anauliza wanawake wako wapi.”

“Tupo!” Yasinta akasema.

“Anasema anasikia wanaume tu.”

“Fundi!”

“Sauti inakwenda, mama. Taa hizi za kijani ndizo nyinyi.”

Mara ya tatu wanawake waliitikia kwa nguvu iliyowatimua kuku wa jirani. Mzee akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, ili asieleweke vibaya:

“Wanawake wa huko hawamtaki mjukuu wangu. Sawa. Nimejua.”

“Mimi simtaki?” Yasinta alivua kitenge cha begani akakifunga kiunoni, jambo ambalo kwao si la mapambo. “Mwambieni koo limenikauka kwa ajili yake! Au anataka niitikie kwa miguu?”

“Nitarudia mara moja,” mzee akasema. “Nikisikia hivi tena, mtoto arudi nyumbani.”

Nasinkoi alimgeukia Sadala. Sadala alikagua nyaya zote, na jibu lilikuwa lile lile: kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana. Hapo ndipo Taiyo alipomvua babu yake hedifoni akazivaa mwenyewe.

“Wapo, babu! Nawasikia. Wako huku kushoto.”

“Kushoto?” mzee akauliza. “Kushoto si sikio lililokufa? Tangu fahali aliponipiga pembe.”

Ua mzima ukamgeukia Sadala.

“Lakini hilo mbona linajulikana,” Nasinkoi akasema.

“Mimi sikuambiwa,” Sadala akasema.

“Uliuliza?”

Sadala alifikiri haraka. Akapendekeza kuwabadilisha: wanawake waende kulia, wanaume kushoto, stereo ibaki.

“Ili sasa wanaume ndio wasimtake?” Yasinta akamuuliza.

Ilibaki njia moja, na Sadala aliijua. Alivishika vitufe viwili vya mikisa, mashine yake ya kuchanganyia sauti, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, akavirudisha katikati. Sauti zote zikawa mono, rundo moja, sawa kwa kila sikio, kama redio ya Magoma. Alifanya hivyo ameangalia pembeni.

Mzee alitamka. “Naai!” Akatamka ng'ombe, akatamka watoto, akatamka mvua. “Naai!” Hakusita tena, alikwenda hadi mwisho, akatema mate ya baraka, ambayo yaliishia kwenye simu ya Taiyo.

“Mama yule wa sauti nene ni nani?” akauliza.

“Mama mkwe wangu, babu.”

“Huyo anakutaka. Nenda.”

Nasinkoi akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Yasinta alimletea maji, kisha akaenda alipokuwa Sadala akikunja nyaya.

“Fundi, mwishoni pale umepatia.”

“Ile ilikuwa mono, mama,” Sadala alisema kwa sauti ndogo.

“Basi na kesho kanisani tuletee hiyo hiyo.”