Uso wa Mke Wangu Gazetini

Majuzi mwandishi wa gazeti alinipigia simu. Anasema siku hizi katuni ni sanaa, wanataka kuniandika ukurasa mzima. Nikamuuliza kama anajua gazeti lao liliniandika nini zamani. Hakujua. Nikamkatia simu.

Ilikuwa enzi za ruksa, magazeti mapya yanazaliwa kila kukicha. Mimi nilikuwa nachora vijitabu vya katuni, navirudufu kwa mashine ya kuazima, nawauzia wasafiri pale Kasumulu wakisubiri kuvuka kwenda Malawi. Katika kimoja nilimchora mke wangu, sura yake halisi. Anatoka Mbugani na ndoo ya mchele kichwani, anamwona baba yangu akija na baiskeli, anaruka mtaro na kujibanza migombani mpaka mzee apite.

Kwetu Wanyakyusa mke hasalimiani na baba mkwe wala hamwonyeshi uso. Wakikutana, mwanamke ndiye anayeacha njia. Wanawake wa Kyela walicheka mpaka machozi, maana kila mmoja alishachubuka goti kwa heshima hiyo.

Kijitabu kikafika Dar es Salaam. Gazeti moja kubwa likaandika kuhusu katuni zinazoharibu vijana, likachapa ile picha niliyomchora mke wangu, na chini yake maneno haya: "Changudoa akimvizia mume wa mtu migombani."

Mume wa mtu! Baba yangu mzazi! Fulani kakaa ofisini, hajakanyaga tope la Kyela hata siku moja, kaona mwanamke na mgomba, akili yake ikakimbilia uchafu. Angeuliza Mnyakyusa yeyote pale mjini, hata muuza ndizi, angeambiwa. Niliwaandikia barua tatu. Hawakunijibu hata kwa tusi. Mpaka leo nikilikumbuka lile gazeti natamani kumzaba mtu kofi.

Mke wangu akaacha kwenda sokoni. Waliokisoma kijitabu walijua ukweli, lakini waliosoma gazeti peke yake walikuwa wengi zaidi, na walimtazama wanavyotaka.

Asubuhi moja baba akaja. Akasimama uani, mgongo kauelekeza mlangoni kama kawaida yake, kwa kuwa mkwewe alikuwa ndani.

"Mugonile, tata," nikamwamkia.

"Mwambie mkwe wangu nimeliona lile gazeti," akasema. "Ni uongo mtupu. Asijifungie ndani kwa ajili ya wajinga."

Nikaingia ndani mbio, nina furaha, bado namtukana mhariri. Nikampa mke wangu maneno ya baba. Alikuwa anachambua mchele, akasitisha mikono.

"Ameliona? Na picha ameiona?"

"Ameiona. Anasema ni uongo."

"Miaka tisa namficha baba yako uso wangu," akasema. "Maneno wameandika wao. Uso umeuchora wewe."