Mama Watoto wa Mtoto Mmoja

Binti yangu alizaliwa kwa kupasuliwa, miaka ile ya mwanzo ya serikali za kaunti, baba yake akiwa ndiyo kwanza amepata kazi ya kuendesha lori la maji. Uchungu ulinianza Jumapili tukitoka kanisani, ukaniburuta mpaka kesho yake, na mtoto akakataa kushuka. Nilisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji nikiwa nimeushika mkono wa mume wangu. Mlangoni muuguzi akatutenganisha. Nilipozinduka nilikuwa nimeshonwa, na kando yangu alilala mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, amekunja ngumi kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Kabla hajatimiza mwezi, kidonda kikaanza kutoa usaha. Nilitetemeka kwa homa adhuhuri ya Isiolo, nimejifunika blanketi, bati likilia kwa joto juu yangu. Nikarudishwa wodini, nikasafishwa, nikatundikiwa dawa. Simlaumu mtu, kidonda huweza kuingia uchafu. Kilipopona likabaki kovu chini ya kitovu, nami nikafikiri kovu ndilo hilo, kwamba lote liko nje, mahali ninapoweza kuliona.

Tulikaa Bulla Pesa, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana. Nilikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara: vitunguu, nyanya na mapapai kutoka Rapsu. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mama mmoja Mborana, mke wa dalali wa mbuzi. Tulijifungua wakati mmoja, tukalea pamoja. "Salaam aleikum, jirani," alikuwa akisema akitoka na ndoo, nami nikijibu, "Habari ya asubuhi, mama," kila mmoja kwa dini yake, kisha tunacheka. Watoto wetu walijifunza kutembea wakishikilia ndoo hizohizo.

Alipomwachisha wake ziwa, akapata mimba ya pili. Nikasema yangu iko njiani. Akazaa, nikampikia uji. Akapata ya tatu. Mimi kila mwezi niliziona siku zangu, tena kwa maumivu yaliyonikunja mbele ya wateja, nikijifanya ninatafuta kitu chini ya meza.

Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa mama watoto. Mume wangu aliniita hivyo, wateja waliniita hivyo. "Mama watoto, nipimie nyanya." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilianza kuusikia ule wingi, watoto, watoto, mpaka siku nyingine nikawa naitika kwa kichwa tu.

Asiyezaa kabisa, watu wanajua la kumwambia. Wanamhurumia, wanamsema, wanamwombea. Mimi sikuwa na kundi. Nikithubutu kumgusia mtu, alinijibu upesi: "Wewe unaye mmoja, shukuru Mungu." Na kweli nilishukuru. Shukrani ilikaa upande wake na hamu ilikaa upande wake, wala hazikuwahi kukutana zikamalizana.

Jumapili moja mhubiri mgeni aliwaita mbele akina mama wanaoomba mtoto, awawekee mikono. Nikasimama. Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi pale mama mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, aliponishika kiwiko.

"Wewe keti, mama," alininong'oneza huku akitabasamu. "Hii ni ya wale hawana. Wewe Mungu alishakukumbuka."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa kwenye benchi na soksi zake nyeupe, akanisogezea nafasi bila kuuliza nilikuwa naenda wapi. Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika. Mbele, wanawake wenzangu walikuwa wakilia, na mimi niliwaonea wivu kwa kile kilio cha pamoja.

Mama mkwe wangu aliishi Gotu. Ni Mturkana wa maneno machache, na tulipomtembelea aliliangalia tumbo langu kabla ya kuniangalia usoni. "Ejoka," alinisalimu kwa lugha yake, halafu siku hiyohiyo akaniweka kando. "Mtoto wangu, hiyo kisu ilifunga mlango. Lazima mtu afungue."

Alinipeleka kwa mwanamke mkandaji. Nililazwa kwenye ngozi, nikapakwa mafuta ya mbuzi, vidole vikazama kando ya kovu na kuvuta kana kwamba vinatafuta kitu kilichoanguka kisimani. Niliuma leso. Nilivumilia kwa sababu angalau kulikuwa na mtu aliyekubali kwamba kitu kimeharibika. Lakini usiku na siku zilizofuata sikuweza kusimama wima, na mama mkwe ndiye aliyenichemshia maji na kunikanda kiuno kwa kitambaa. Nilipopata nguvu tena akasema, "Sasa enda kwa daktari. Hii yetu imekataa." Sikudhani kwamba angesema hivyo.

Daktari alikuwa Meru, kwenye baridi. Nilipanda peke yangu, nimevaa sweta ambayo Isiolo haina kazi. Walinipiga picha ya mirija: dawa inasukumwa ndani kupitia njia ya uzazi, na unaambiwa ulale bila kujitikisa. Baadaye daktari, kijana kuliko nilivyotarajia, alinionyesha ile picha.

"Mama, uliugua baada ya operesheni ya mtoto?"

"Kidonda kilitoa usaha."

"Basi ndiyo hiyo. Kovu haikuota nje pekee. Ndani nako kumeshikana: mfuko wa uzazi, mirija, hata utumbo kidogo. Mayai yanatoka vizuri, lakini mirija ya kuyapokea imevutwa kando."

"Inaweza kuachanishwa?"

"Tunaweza kujaribu, na operesheni ya matundu madogo na kamera. Lakini sikudanganyi, huwa inaweza kushikana tena. Ukitoka hapo, mwaka wa kwanza ndio wa kujaribu. Na baba apimwe kwanza."

Niliogopa kumwambia mume wangu sehemu hiyo ya mwisho. Wanaume wengi tunaowajua wangegeuza meza. Yeye alisikiliza, akanywa chai yake akamaliza, na wiki hiyo akaenda. Alirudi akaketi kitandani kufungua kamba za viatu.

"Wamesema niko sawa."

"Asante Mungu," nikasema.

Kisha nikatoka nje, nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilikuwa nimetumaini, bila kujiambia, kwamba naye atakutwa na kitu, kitu kidogo cha kutibika, ili tuwe wawili. Sasa nilikuwa peke yangu ndani ya ugonjwa. Yeye alikuwa amesimama ng'ambo, mzima, mwenye huruma.

Siku ya operesheni binti alibaki Gotu kwa nyanya yake. Mume wangu alinisindikiza hadi Meru, akanibebea mfuko, akaishia getini. Alisema kazini wanamhitaji. Nilimwona kupitia vyuma vya geti akiondoka kwa haraka, bila kugeuka, nikaingia kwenye foleni ya wagonjwa waliokuwa na watu wa kuwashikia sweta.

"Mrija wa kulia hatukuweza kuuokoa," daktari aliniambia nilipoamka. "Wa kushoto tumeufungua. Sasa msikawie."

Tungeharakisha vipi? Mwaka ule mvua ilikataa, ya masika ikapita na ya vuli ikapita. Ng'ombe walikufa barabarani. Lori la mume wangu likapelekwa upande wa Kinna, likawa linachota maji huko na kuyasambaza kwenye makazi yaliyokauka, asubuhi hadi jioni, na wakati mwingine halizimwi injini. Alikuja nyumbani mara mojamoja, ana vumbi hadi kwenye kope. Siku zangu nzuri za kushika mimba zilikuja na kupita yeye akiwa porini. Na nani angethubutu kumwambia dereva wa maji aache watu wenye kiu, arudi nyumbani kwa sababu mkewe amehesabu tarehe?

Mwezi mmoja nikaamua kumfuata. Nilifunga kibanda, nikamwambia jirani yangu naenda kuangalia vitunguu Rapsu, nikapanda gari la Kinna. Nilikodi chumba cha gesti, chenye kitanda na beseni. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa dera mpya. Nilikuwa na aibu kama bibi harusi, na mwenye gesti alinitazama kama mwanamke wa namna nyingine.

Nilimpigia mume wangu simu, akafika saa saba mchana, kati ya safari moja na nyingine. Aliponiona akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu.

"Mama watoto! Umefuata dereva?"

"Nimefuata."

Aliketi kitandani avue viatu. Nilikwenda kumletea maji ya kunawa, na niliporudi alikuwa amelala, kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, yeye anayebeba maji kutwa. Nilimgusa bega. Hakutikisika. Nikamvua kile kiatu kilichobaki, nikaketi mlangoni. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamepanga mitungi ya plastiki, wanalingoja hilohilo lori lililoegeshwa mbele yangu. Mmoja wao alikuwa na mimba kubwa, ameketi juu ya mtungi wake, mkono kiunoni. Tulitazamana. Sijui aliona nini.

Simu ya mume wangu ilipolia aliruka.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka."

Alinitazama, akalitazama dera, akaelewa. "Pole," alisema. "Pole sana." Akavaa viatu. Nilirudi Isiolo na gunia la vitunguu, ili uongo wangu uwe wa kweli.

Nilikuwa nimeshaona kwamba jirani yangu ananikwepa. Salamu zake zilikuwa fupi, anaingia ndani nikitoka. Nilidhani nimemkosea. Ni binti yangu aliyenifumbua macho, akiwa anakula papai.

"Mama, mama wa hapo ana mtoto kwa tumbo. Ameniambia nisikuambie."

Alijifungua wa nne mchana mmoja, humo chumbani mwake. Nilisikia vigelegele kutoka ng'ambo ya ua. Nilikaa kitandani nikivisikiliza, kisha nikapika uji kama nilivyopika miaka ile, nikavuka ua na sufuria. Aliponiona mlangoni akaanza kulia.

"Nilificha kwa sababu niliogopa utaumia," alisema.

"Niliumia vile ulificha," nikamwambia. "Hii nyingine nimeizoea."

Akanipa mtoto. Nilimpakata, nikamnusa kichwa, nikamrudisha kabla mikono haijazoea uzito wake.

Mwaka wa daktari ukaisha. Tulipopanda Meru tena, safari hii wawili hadi ndani, daktari alisema kwamba huenda kumeshikana upya. Iliyobaki ni Nairobi, ambako yai linakutanishwa na mbegu nje ya mwili. Tulishuka na mume wangu mpaka joto likaturudia na nikavua sweta. Kesho yake asubuhi nilikuwa nachambua maharagwe, yeye ameegemea mlango.

"Mimi sitaki twende Nairobi," alisema.

"Hutaki mtoto?"

"Sitaki kusimama nje ya ile mlango tena." Alikuwa anaangalia vidole vyake. "Siku ya kuzaliwa huyu, walitoka wakaniuliza damu yangu ni aina gani. Wakarudi wakauliza tena. Wewe hukuambiwa. Nilikaa pale nikipanga nitamwambia mama yako nini. Mwaka jana ulipofanyiwa ile ya kamera, hata geti sikuweza kupita. Kila mwezi ukisema umeona siku zako, mimi nasema pole. Ni pole ya kweli. Lakini chini yake nilikuwa napumua."

Niliyasukuma maharagwe kando.

"Miaka yote hiyo, na husemi?"

"Ningesema aje? Ulikuwa unataka sana."

Watu watadhani nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Kwa majuma nilimpakulia chakula bila kuketi naye. Niliona kwamba katika safari ile yote, nilipofikiri tunavuta kamba moja, nilikuwa navuta peke yangu, na huyu niliyempenda alikuwa akiomba ikatike. Halafu, nikiwa kibandani bila mteja, nilianza kumwona akiwa kwenye ile korido ya hospitali, na kofia yake ya udereva mikononi, anatafuta maneno ya kumwambia mama yangu. Miaka yote alikuwa huko bado. Hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke.

Hatukwenda Nairobi. Mvua ilirudi, naye akapewa kazi ya karakana, anarudi nyumbani kila jioni. Tunaongea zaidi kuliko zamani, ingawa si kuhusu hilo. Tumbo bado linanivuta nikiinua gunia, na mwezi ukichelewa siku moja moyo wangu unaamka wenyewe, bila kuniuliza, kisha unalala.

Juzi nilikuwa namsuka binti yangu nje, yuko kati ya magoti yangu; sasa ni mrefu, shingo imemtoka. Akaniuliza, akiwa amenipa kisogo, "Mama, ni kweli ulikuwa unatafuta mtoto mwingine?"

"Nani amekuambia?"

"Nyanya."

"Ni kweli."

"Mimi nilikuwa sitaki," akasema.

Upande wa pili wa ua watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli, wote wanne, na mama yao akiwafokea kwa Kiborana. Nikainamisha kichwa cha binti yangu, nikachora mstari mwingine wa nywele, nikaendelea kusuka.