Walisema Ni Saumu

Kampuni ilituambia kwamba dirisha limepigiliwa misumari na vioo vyake kupakwa rangi kwa ajili ya wateja. Wateja walikuwa ng'ambo, hatukuwahi kumwona hata mmoja, lakini hawakutaka mtu anayepita barabarani Gitega aone kilichomo kwenye kompyuta zetu. Zilikuwa video na maneno ambayo watu wameyalalamikia mtandaoni: matusi, vitisho, watu wanaopigwa, mara nyingine maiti. Tulitazama, tukaamua ibaki au ifutwe, tukafungua inayofuata. Tulikuwa ishirini na wawili katika chumba kilichojengwa kuwa stoo. Simu tuliziacha nje kwenye sanduku la mbao, na ufunguo wa mlango ulikaa mfukoni mwa shefu, mkuu wetu wa kazi.

Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili changu. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kusoma huko mpaka tuliporudi kwetu Butihinda, Burundi, na kwenye usaili walifurahi kuona naweza kutofautisha utani na kitisho cha kweli. Baba yangu, mkulima ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliwaambia watu wa kanisani kwamba binti yake anafanya kazi ya akili. Kwa hiyo nilipokwenda nyumbani wakati wa kuvuna maharage na mama akaniuliza mbona nakohoa, nilimjibu ni vumbi.

Haikuwa vumbi, ilikuwa jenereta. Mwanzoni ilikaa uani. Majirani walipolalamikia kelele, shefu akaiingiza koridoni, nyuma tu ya mlango wetu. Umeme ukikatika, na ulikatika karibu kila siku, moshi ulipita chini ya mlango. Tukawa tunaziba pale chini kwa koti. Tulizoea. Nikikumbuka hilo najikasirikia mwenyewe, kwamba tulizoea, tukafanya na mzaha juu ya zamu ya nani kutoa koti.

Kulia kwangu alikaa dada mmoja wa mjini, wa familia ya Kiislamu, binti wa fundi cherehani. Mimi nilipanga chumba mtaa wa Yoba na kwao hakukuwa mbali, kwa hiyo tulizoea kurudi pamoja kwa miguu. Yeye ndiye aliyeanza kuumwa kichwa, kisha kutapika. Alipomweleza shefu, aliambiwa alete karatasi ya daktari. Akaileta. Daktari aliandika kwamba anahitaji kupumzika na kufanya kazi mahali penye hewa. Shefu aliisoma, akaitia kwenye droo, akamwambia kazi hii inamuumiza kila mtu kichwa, na nje kuna vijana wengi wenye diploma wanaoitaka.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, katikati ya Ramadhani. Umeme ulikatika baada ya saa sita mchana, jenereta ikawashwa, shefu akatufungia kama kawaida yake na kwenda kula. Haikupita saa nzima yule dada akanishika mkono.

"Dada, mi siko naona muzuri."

Kabla sijamjibu alikuwa chini, macho yamegeuka. Tuligonga mlango. Mlinzi aliyekuwa nje akajibu kwamba hana ufunguo, akampigia shefu, na shefu akasema yuko njiani. Nilisubiri kidogo, sijui kwa nini nilisubiri, kisha nikanyanyua kiti cha chuma nikalipiga dirisha. Kioo kilivunjika pigo la pili. Mwanamume mmoja mrefu aliyekaa nyuma yetu aliing'oa fremu kwa mikono mitupu, damu ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, tukampitisha mwenzetu dirishani kama gunia. Alifungua macho akiwa amelala kwenye matope, mvua ikimnyeshea usoni.

Kesho yake asubuhi shefu aliitisha mkutano. Alianza na dirisha. Alieleza litagharimu nini na wateja watasema nini. Hakumtaja yule dada mpaka alipotoa karatasi ya Kifaransa na kuipitisha meza kwa meza. Iliandikwa kwamba mfanyakazi alizirai kwa sababu ya kufunga saumu, kwamba kampuni haihusiki, na sisi ni mashahidi.

Nilijua ni uongo. Siku ile mchana alikula nusu ya mkate wangu na parachichi, amewapa wengine mgongo. Hakuwa amefunga kwa ile sababu inayomzuia mwanamke Mwislamu kufunga siku kadhaa za mwezi, na alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Sasa nilitakiwa nitie sahihi uongo, au nitangaze siri ya mwili wake mbele ya wanaume. Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Nilisema sitasaini leo. Wengine wote walisaini, hata yule mwanamume mrefu, kalamu ameishika kwa mkono uliofungwa bandeji, bila kunitazama.

Nikaenda kwao. Alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, baba yake amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Niliwaeleza habari ya karatasi, nikakwama nilipofika kwenye saumu. Mzee alielewa kwamba kuna jambo la wanawake. Aliinuka akaenda uani.

"Saumu haikuniangusha," yule dada akasema. "Sema vile ilikuwa."

"Mbele ya wanaume?"

"Mbele ya wote. Wao ndio wapate haya, si mi."

Kesho yake kazini nikasema, mbele ya wote, kwa Kiswahili na kisha kwa Kirundi asije mtu akasingizia hakuelewa. Shefu aliniuliza kama nimemaliza. Kisha akatangaza kwamba tawi la Muyinga linahitaji mtu mwenye uzoefu, na siku hiyohiyo nikapewa barua ya uhamisho.

Tawi la Muyinga lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la simu. Walikuwamo wanawake wanne na msimamizi kijana, na jenereta ilikuwa humohumo ndani, bomba lake limepitishwa kwenye tundu la ukuta na kufungwa kwa matambara. Nilitazama yale matambara meusi, mkoba bado begani. Niliwaeleza kwa nini nimeletwa pale, kisha nikasema naitoa nje hiyo mashine, nani ananisaidia. Msimamizi akaomba tusubiri apige simu Gitega. Mmoja wa wale wanawake, mama wa watoto watatu kutoka Gashoho, alikaza kitenge chake kiunoni, akaja kushika upande wa pili. Ilikuwa nzito na bado ya moto. Iliniunguza mkono na kovu ninalo. Simu ilipojibiwa, Gitega walisema irudishwe.

"Waambie waje wairudishe wenyewe," mama yule akasema, akakaa chini akijipepea.

Wiki hiyohiyo, kule Gitega, fundi cherehani alimchukua binti yake, wakaomba kwa daktari nakala ya ile karatasi, wakaenda kwa mkaguzi wa kazi. Mkaguzi alinipigia, nikarudia yote. Alipofika kwenye ile stoo alimwomba mlinzi amfungulie. Mlinzi akasema hana ufunguo, na mkaguzi akaliandika hilo.

Leo jenereta ya Gitega imejengewa kibanda uani na mlango unafunguka kwa ndani. Shefu alipewa cheo kingine, kikubwa zaidi nasikia. Mimi nilifukuzwa kwa kosa la kuharibu mali ya kampuni. Baba alikuja Muyinga kunichukua, nami nilijiandaa kujitetea. Aliketi, akanywa maji, akaniuliza, "Yule binti mzima?" Katika kampuni nzima hakuna kiongozi aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikamwambia hapana. Na mpaka sasa si mzima. Anashona na baba yake, lakini hutungiwa uzi na mtu mwingine, na husahau vipimo alivyovichukua dakika chache tu nyuma. Yule mwanamume mrefu alinipigia mara moja kuomba radhi, akasema ana watoto. Nilimjibu kwamba namwelewa, kisha nikakata simu. Yule dada anasema amewaachia Mungu. Mimi bado nina hasira nao, na yeye hajawahi kuniambia niache.