Eda ya Mama Ndani ya Boma

Mafuta ya nazi yakichemka jikoni, mimi hutoka nje. Wajukuu hunicheka, wanasema bibi anajidai mzungu. Wacheke. Wao hawajaona chungu kizima cha mafuta kikimwagwa mchangani na mwanamke mwenye njaa.

Wakati wa vita vya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga baba yangu pamoja na wanaume wengine wa kwetu Umwe. Wajane wao, mama akiwemo, walipelekwa kwenye boma kule deltani, mto unapoingia baharini, wakafungiwa pamoja na sisi watoto ndani ya uzio wa boriti za mikoko. Maji yakipwa, ulipanda uvundo wa matope na vinyesi. Kutwa nzima wanawake walitwanga mpunga wa askari, na hilo walilivumilia. Halafu siku moja yakaletwa mafuta na shuka mpya. Wakaambiwa wajipake, wavae, kesho askari watakuja kuchagua wake.

Mama, ambaye nyumbani hata kuku walimzoea wakamdonolea sahani yake, ndiye aliyekipiga teke kile chungu.

"Tumo edani," alisema. "Mwanamke wa eda hajipaki mafuta wala haposwi."

Wenzake wakajifunika kaniki gubigubi, wakakaa wakitazama uzio, michi wakaiacha chini. Walichapwa viboko, wakanyimwa chakula, hawakugeuka. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, nilifurahi, maana mama hatimaye alipata nafasi ya kunisuka nywele.

Bwana wa boma akaita watu wa dini. Alikuja mwalimu wa chuo, yule yule aliyemfundisha baba Kurani, kanzu nyeupe pe, pua kaiziba kwa mkono wa kanzu. Akasema waume zao walifuata maji ya mganga, wametoka katika dini, na mtu wa namna hiyo hakaliwi eda. Akaja pia padri wa misheni. Yeye alisema ndoa zao hazikuwa ndoa mbele ya Mungu, basi eda itoke wapi, ila atakayekubali kubatizwa atamwombea akaishi misheni. Watu wawili hawa nje ya uzio wasingekunywa maji kikombe kimoja. Pale walikubaliana, wakapeana mikono. Mpaka leo nikiwakumbuka natema mate.

Kilichoniudhi zaidi ni shangazi, dada yake baba. Alikuja na mihogo ya kuchemsha, akaipenyeza uzioni, akanong'ona, "Wifi, usitutie matatani. Kubali tu, kwani utapungukiwa nini?" Mama akamgeuzia mgongo. Mihogo niliila mimi, na ilikuwa mitamu.

Kesho yake askari wakaingia, wakawavuta wanawake kwa mikono kama watu wanaochagua mbuzi. Tuliishi na yule askari aliyemchagua mama mpaka alipohamishwa, akatuacha mlangoni bila hata kwaheri.

Tukarudi Umwe. Shangazi yule yule akamtengea mama bakuli lake, lisichanganyike na vyombo vya watu. Mama akiketi mkekani, wengine wananyanyuka. Walimwita mke wa askari, wao waliomwambia akubali.

Mama hakugombana na mtu. Aliingia ndani, akajifunga kaniki, akafunga mlango. Hakutoka tena, hakujipaka kitu, wanaume wakibisha hakuitika. Miezi ikapita. Nilidhani anaumwa. Nilimpelekea uji na kuni, nikawa naomba Mungu asife.

Asubuhi moja akaniita uani, akaniambia nimmwagie maji kichwani mpaka mtungi uishe. Nikammwagia. Akavaa nguo safi, akashika jembe akaenda shambani. Mimi nikashukuru kwamba amepona.

Nilikuwa mtu mzima, mjane mwenyewe, nimezungukwa na wanawake wa mji mzima waliokuja kunitoa edani kwa maji na vigelegele, ndipo nilipojua siku ile nilikuwa nafanya nini kwa mtungi ule, peke yangu.