Choo cha Kaka, Jina la Mdogo

Saa mbili asubuhi, nyuma ya safu ya vyumba vya kupanga, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja anamimina mafuta ya taa ndani ya shimo la choo ili kukata harufu. Wapangaji wameshafunga madirisha. Mwenzake amevua shati, amejifunga kamba kiunoni, anateremka na ndoo. Yeye anabaki juu, amekalia pipa lililopinduliwa, anatoa maelekezo.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akishuka. Mtaani wanamwita Marashi, na jina hilo alilipokea kwa kicheko, maana hajawahi kuionea haya kazi yake ya kupakua vyoo. Siku hizi hashuki. Chini ya shati lake, upande wa kushoto wa tumbo, kuna mfuko unaopokea choo chake tangu alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana.

"Nimebeba vya watu miaka yote hiyo," anasema, akiinua shati bila kuombwa. "Sasa nabeba changu. Na hiki hakuna anayenilipa."

Mwenzake anacheka kutoka shimoni. Marashi hacheki.

Yote yalianza kwa mzaha. Mdogo wake, dereva wa ofisi moja kubwa, alipewa kazini kisanduku cha kipimo, yeye na wenzake wote waliovuka miaka arobaini na mitano. Hakuna sindano wala mpira wa kamera unaoingizwa tumboni. Mtu anajisaidia nyumbani kwenye kopo maalumu, anamimina dawa ya kuhifadhi, anafunga, anarudisha. Maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho, pamoja na vinasaba vilivyoharibika ambavyo uvimbe huviachia kwenye choo, mara nyingi kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Dereva alishindwa. Ni mtu ambaye hata nepi za wanawe hakuwahi kuzigusa. Kisanduku kilikaa chini ya kitanda hadi siku ya kukirudisha ilipofika, ndipo akakikwapua na kwenda nacho kwa kaka yake. "Kaka, wewe umeshazoea mambo haya," alimwambia. Marashi anakiri kwamba alicheka hadi machozi yakamtoka, akaingia chooni, akatoka na kopo limefungwa vizuri. Wakanywa chai, wakaagana.

Majibu yalirudi kwa jina la dereva. Dalili zimeonekana, aende hospitali akachunguzwe kwa kamera. Hakwenda, kwa kuwa alijua fika choo kile si chake. Na mwenye choo hakumwambia.

Alinyamaza mwaka mzima, na mwaka huo wote hakukosa Jumapili hata moja kwenda kula kwa kaka yake. Ukimsikiliza, sababu anazo. Alijiambia mashine imekosea. Aliogopa ofisi ikijua amedanganya itamfukuza. Kisha miezi ikapita, na kadiri ilivyopita ndivyo alivyokuwa na mengi zaidi ya kueleza. Sababu zake zinaeleweka zote, na hakuna hata moja inayotosha.

Marashi akaanza kukonda. Alipoona damu alidhani ni bawasiri, akanunua dawa dukani. Mashimo matatu kwa siku yakawa mawili, kisha moja. Suruali zikawa zinamvuka.

"Mdogo wangu aliona," anasema, akitazama shimo. "Unajua alifanya nini? Aliniletea mkanda. Mpya, wa ngozi. Na mimi nikamshukuru sana."

Siku daktari alipotamka ugonjwa huo wodini, dereva alikaa chini sakafuni mbele ya wagonjwa wote akasema kila kitu. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi zilizo karibu na utumbo. Kwa maelezo ya mke wa Marashi, daktari hakuwaficha: ingegunduliwa mwaka ule, huenda ingekatwa mapema, bila mfuko, bila zile dripu za dawa ya saratani zilizomwacha mumewe na ganzi vidoleni. Huenda. Mkewe anasema neno hilo ndilo linalomnyima usingizi.

"Watu wananiambia shemeji yako ameshaomba radhi, yaishe," anasema mama huyo. "Yaishe vipi? Huo mfuko nabadilisha mimi." Tangu siku hiyo hajamwekea shemeji yake sahani mezani.

Marashi hana ugomvi na kipimo, na hilo ndilo linalomchoma zaidi. "Kilisema kweli," anasema. "Kiliniona mimi, mtu ambaye hata jina langu halikuandikwa. Waliokosea ni binadamu. Wawili, na mimi mmojawapo."

Bado kuna jambo moja. Daktari amesema ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko hatarini, hivyo dereva aende moja kwa moja kwenye kamera. Kipimo cha choo peke yake hakimtoshi tena. Ameshapangiwa siku mara mbili, na mara zote mbili hakutokea. Mara bosi ana safari, mara mafua.

Ndugu hao hawajazungumza tangu siku ya wodini. Hata hivyo, Marashi amemtumia ujumbe kupitia kwa mke wa dereva: Jumanne ijayo atahamia kwao. Atamsimamia anywe dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kamera, hadi tone la mwisho, na Jumatano atamfikisha hospitali akiwa amemshika mkono, apende asipende.

Je, maana yake amemsamehe?

"Hapana," anajibu Marashi, bila kufikiri. "Na simwahidi. Lakini nataka awe hai. Akifa, hasira hii yote nitampelekea nani?"